Mwalimu YouTube Hana Kosa, Tatizo Ni Masikio Tunayoazima

Wadau, ile klipu mmeshaiona, kwa hiyo sitaiweka hapa. Msanii (jina nalihifadhi, mnalijua, na timu yake inasoma hapa kila siku) kapanda jukwaani na bendi kamili. Hakuna pleibeki. Kinanda kikapiga utangulizi, gitaa likaingia, ngoma zikaingia, na yeye akaingia kwenye wimbo mwingine kabisa. Maneno yalikuwa yale yale, ila sauti ilikuwa juu ya bendi kidogo, halafu ikawa chini, halafu ikaanza kutafuta kama mtu anayepapasa swichi gizani. Akafanya wanachofanya wote: akawageuzia mashabiki maiki. Mashabiki wakaimba. Na kilichouma zaidi, mashabiki waliimba kwenye ufunguo.

Komenti zikamwagika kama mvua za masika. Nyingi zinasema kitu kimoja: watoto wa siku hizi wamesomea muziki YouTube, ndiyo matokeo yake haya. Mkongwe mmoja wa muziki wa dansi naye akapita humo humo, akakumbushia kwamba zamani mtu alikuwa anabeba spika za bendi miaka mitatu kabla hajashika maiki. Heshima yake mzee. Lakini hoja yenyewe siikubali, na ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kucheka na nyie.

Tuanze na ukweli ambao watu hawapendi kuusema. Kijana wa Mbagala, Buza au Chanika anayetaka kujua kinanda leo aende wapi? Shule alizosoma, uwezekano mkubwa hazikuwa na mwalimu wa muziki wala chombo hata kimoja. TaSUBa ni chuo cha heshima, kipo tangu 1981 kilipoanza kama Chuo cha Sanaa, ila kipo Bagamoyo. Dhow Countries Music Academy iko Zanzibar. Hiyo ni nauli, ni ada, ni kuacha kibarua kinachomlisha. Mwalimu binafsi anataka hela yake kila kipindi, na ana haki. Simu dogo anayo tayari, na bando la usiku analinunua hata kama hajala. Kumwambia huyo asijifunze YouTube ni sawa na kumwambia asijifunze kabisa.

Na wala anachopata humo si makapi. Muulize mjomba wako jinsi walivyokuwa wanajifunza magitaa ya Kikongo. Mtu anakaa na kaseti, anasikiliza kipande cha seben, anarudisha, anasikiliza, anarudisha, mpaka redio inautafuna mkanda na anaanza kuukunja upya kwa kalamu. Ukitaka kupunguza kasi ya santuri, sauti nayo inashuka, ufunguo unakupotea. Leo YouTube hiyo hiyo ya bure ina kitufe cha kasi. Unashusha mpaka robo ya kasi ya kawaida, na noti zinabaki pale pale zilipokuwa. Zile noti za solo gitaa zilizokuwa zinapita kama bodaboda kwenye foleni, sasa unazihesabu moja moja.

Kuna kingine ambacho wazee wa dansi wangelia wakikiona. Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ya Ufaransa iliachia bure programu inayoitwa Spleeter, ambayo inachukua wimbo uliokwisha changanywa na kuutenganisha: sauti ya mwimbaji huku, ngoma huku, besi huku. Tangu hapo zimekuja aplikesheni kibao za simu zinazofanya kazi hiyo hiyo. Mshkaji wangu mmoja anapiga besi kwenye bendi ya hoteli, kazi yake nyimbo za zamani, za watalii na wazee wenye kumbukumbu. Siku aliyotoa besi ya wimbo mmoja peke yake akaisikiliza bila kelele nyingine, aligundua kuna noti alikuwa anaziruka miaka yote. Redio aliyojifunzia utotoni haikuwa na uwezo wa kutoa sauti nzito kiasi kile, kwa hiyo hakuwahi kuzisikia. Akanunua bia kwa furaha, na mimi nikafaidika.

Sasa angalieni vizuri hivyo vifaa viwili vinafanya nini. Havikupigii wala havikusahihishi. Vinakusogezea sauti karibu, halafu kazi ya kusikia unabaki nayo mwenyewe. Hapo simu ni mwalimu kweli, tena mvumilivu kuliko binadamu yeyote, maana hakuna mwalimu atakayekurudilia kipande kimoja mara mia mbili saa nane usiku.

Shida inaanza pale simu inapoanza kusikia kwa niaba yako.

Auto-Tune ilitoka mwaka 1997. Aliyeitengeneza, Andy Hildebrand, ni mhandisi ambaye kabla ya hapo alikuwa kwenye shughuli za utafutaji wa mafuta, anachambua mawimbi yanayopigwa ardhini ili kujua huko chini kuna nini. Ujuzi wa hesabu za namna hiyo akauhamishia kwenye koo la binadamu. Mashine inapima unaimba noti gani, inaangalia noti ya karibu inayoruhusiwa, inakusogeza hapo. Ikikusogeza taratibu, msikilizaji hajui kitu. Ikikusogeza papo hapo, inatoka ile sauti ya roboti ambayo Cher aliipeleka dunia nzima mwaka 1998, na T-Pain baadaye akaifanya kama jina lake la ukoo.

Mimi sina ugomvi na hiyo sauti ya roboti. Ni rangi kama rangi nyingine. Na kama mnadhani T-Pain aliitumia kuficha kitu, katafuteni alichofanya mwaka 2014 kwenye Tiny Desk ya redio ya NPR kule Washington: yeye, mpiga kinanda mmoja, na sauti yake tupu. Watu walibaki midomo wazi. Jamaa alikuwa na sauti kwanza, mashine akaivaa kama koti.

Magetoni kwetu mambo yanaenda kinyumenyume. Dogo anapakua programu ya bure ya kurekodia, tuseme BandLab, ambayo ina kisahihishi cha sauti humo humo ndani. Siku ya kwanza kabisa, kabla hajaimba hata beti moja, kisahihishi kimeshawashwa. Anarekodi, anabonyeza kusikiliza, na kinachorudi masikioni ni sauti iliyokwisha nyooshwa. Anajipenda. Anapeleka status. Akifika studio ya kulipia, anakuta prodyuza naye kamwekea kisahihishi kwenye hedifoni wakati huo huo anaimba, ili ajisikie vizuri na kazi iishe mapema, maana nje kuna mwingine anasubiri zamu.

Kuimba kunajifunzwa kwa mzunguko rahisi tu: koo linatoa, sikio linasikia kosa, koo linarekebisha. Ukiliondoa kosa kabla halijafika sikioni, koo halina cha kurekebisha. Miaka miwili inapita, ngoma sita ziko mtandaoni, shoo za vilabu na pleibeki zinalipa kodi ya nyumba, na mtu hajawahi kusikia sauti yake mwenyewe. Prodyuza mmoja wa Sinza aliwahi kunidokeza kwamba mafaili ghafi ya baadhi ya wateja wake kayafungia kwa nywila. Haogopi wezi. Anaogopa wenyewe wakiyasikia bahati mbaya watampigia kumlaumu kwamba maiki yake mbovu.

Kwa hiyo mkiniuliza yule wa kwenye klipu kakosea wapi, siwezi kusema kakosea kujifunza kwenye simu. Kwenye simu hiyo hiyo kuna rekoda ya bure isiyosahihisha chochote, na ndiyo hakuifungua.

Ugonjwa huu hauko kwa waimbaji tu. Zipo aplikesheni za kufundisha vyombo, kama Yousician ya kutoka Finland, zinazosikiliza unachopiga kupitia maiki ya simu na kukupa alama papo hapo: umepatia, umechelewa, umekosa. Kwa wiki za mwanzo ni nzuri sana, tena zinakufanya urudi kesho kwa sababu unataka kulinda rekodi yako. Ila macho yanazoea kufuata rangi kwenye skrini na sikio linaenda likizo. Kuna dada mmoja, influensa wa mambo ya urembo, alituburudisha miezi mitatu na video zake za kujifunza piano, kila siku na gauni jipya. Halafu kwenye kicheni pati ya rafiki yake wakamsogezea piano, akaomba kwanza aunganishwe na Wi-Fi. Msimcheke sana. Vidole vyake vinajua njia, ila vinahitaji kuonyeshwa kila kona.

Hapa niseme na hawa wanaouza kozi. Staa mmoja wa kike, sauti yake sina shaka nayo hata kidogo, anauza "darasa la sauti" mtandaoni kwa bei ya kiatu kizuri cha Kariakoo. Unalipa kwa simu, unatumiwa viungo vya video. Nimeonyeshwa na aliyenunua. Kuna kupumua, kuna kupasha koo, kuna stori za safari zake, kuna mafuta ya nywele anayodhamini. Kitu kimoja hakimo: hakuna mahali popote ambapo wewe unaimba na mtu anakusikia. Mazoezi yenyewe ya kupumua yapo bure YouTube. Mtu anapolipia mwalimu, analipia sikio la pili, la mtu anayejua, linalokwambia "hapo kwenye mstari wa tatu unashuka, na unashuka kwa sababu pumzi imekuishia". Bila hilo umenunua filamu.

Na inawezekana kuifanya kwa simu, tena kwa bando dogo. Namjua mwalimu Arusha ambaye hakubali kufundisha kwa simu ya video kabisa, na ana sababu za kifundi. Ya kwanza ni kuchelewa kwa sauti. Hewani, sauti inatembea kama mita 10 kwa sehemu 30 za elfu moja ya sekunde, na wanamuziki wakiachana zaidi ya hapo kupiga pamoja kunaanza kuwa kazi. Simu ya video inachelewesha kuliko hivyo, kwa hiyo ukipiga makofi pamoja na mwalimu wako, kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mzembe. Ya pili, programu hizi za mikutano zimetengenezwa kwa ajili ya maongezi, zinafuta kelele. Noti ndefu iliyoshikiliwa, kwao inafanana na feni au jenereta, wanaila. Zoom ina sehemu ya kuzima hilo, ila wengi hawajui hata kama ipo.

Kwa hiyo huyo mwalimu anataka umtumie ujumbe wa sauti. Dakika moja tu, sauti tupu. Lakini kabla ya kuutuma ni lazima uusikilize mwenyewe na uandike chini yake ni wapi unadhani umetoka kwenye ufunguo. Ukituma bila kuandika, hakujibu. Wanafunzi wanamwita mkoloni. Wanaomvumilia wanaimba.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi ya klipu yoyote. Hizi mashine zinazosahihisha, zimesahihishwa na nani? Programu nyingi za muziki ukizifungua zinakuja na kipimo cha piano: oktavu moja imegawanywa hatua 12 zilizo sawa, basi. Chochote kinachoangukia katikati ya hatua hizo, kwa mashine ni kosa. Sawa, Bongo Fleva nyingi inakaa kwenye hatua hizo. Ila si kila muziki wetu unakaa hapo.

Chukua taarab ya Zanzibar. Ndani yake kuna makamu za Kiarabu, na baadhi ya makamu hizo zina noti zinazokaa kwenye robo toni, katikati ya funguo mbili za piano. Ndiyo maana qanun ina vile visu vidogo vya chuma pembeni ya nyuzi, mpigaji anavipandisha na kuvishusha ili apate noti anayoitaka. Chukua Wagogo wa Dodoma. Watafiti wa muziki wameandika kwamba noti zao zinafuata sauti za asili za uzi unapotetema, na mojawapo ya hizo inakaa chini ya noti ya piano kwa karibu theluthi ya nusu toni. Ndiyo sauti ile ya ilimba na zeze aliyoizungusha duniani marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003. Kulikuwa na mtu mzungu wa kumwambia Hukwe yuko nje ya ufunguo? Walimlipa tiketi ya ndege waje wamsikie.

Lakini mwaka huu dogo mmoja wa kule kule kaweka TikTok kipande cha zeze na sauti, nyuma kuna mbuzi, mwanga mzuri wa jioni. Komenti za juu kabisa: "sauti nzuri ila upo nje ya ki". Mmoja, mwenye tiki ya bluu na studio yake, akaichukua ile sauti, akaipitisha kwenye kisahihishi, akairudisha na maneno "sasa ndiyo imekaa". Ikapata watazamaji kuliko ya mwenyewe. Dogo akamshukuru! Akaandika asante kaka nimejifunza. Hapo ndipo nilipoweka simu chini. Alichojifunza siku ile ni kwamba babu yake alikuwa anaimba vibaya.

Na isingekuwa lazima iwe hivyo, maana teknolojia yenyewe ina mlango. Auto-Tune imewahi kuwekewa skeli za Kiarabu na za Kihindi kwenye orodha yake. Vipo vinanda vya Yamaha na Korg vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Kiarabu, vina vitufe vya kushusha noti robo toni. Programu nyingi za kutyuni zinakuonyesha tofauti ya noti kwa vipimo vidogo sana, kwa hiyo mtu angeweza kukaa na mzee wa zeze, akapima noti zake tano, akazihifadhi, na mashine ikaanza kusahihisha kuelekea kwa mzee. Ni kazi ya jioni moja. Maprodyuza wetu wanaojua kila kona ya FL Studio, na wapo wanaoijua tangu ikiitwa FruityLoops, hili haliwashindi. Hawajaombwa tu. Naomba.

Nimalizie na kwaya, msininunie, maana ndiyo shule kubwa ya muziki tuliyonayo nchi hii na wengi mnaowashangilia jukwaani walianzia huko. Kwaya zetu zilijifunza kwa do re mi, ule mfumo wa herufi uliotoka Uingereza karne ya 19 na kuletwa na wamisionari. Mtu wa darasa la saba, bila piano, alikuwa anashika karatasi na kuimba sauti yake asiyowahi kuisikia. Leo nota zimejaa bure kwenye tovuti ya Swahili Music Notes, jambo kubwa sana. Ila tumeongeza njia ya mkato: mwalimu anarekodi sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, anazitupa kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu anakariri yake akiwa kwenye daladala. Jumapili wimbo unatoka safi. Karatasi hakuna anayeisoma. Mwalimu akihama na kwaya inakufa, maana hakuna aliyebaki anayeweza kuwasomea wimbo mpya.

Kwaya moja ya huku Tabata mwalimu wao kabadilisha utaratibu. Jumanne anatuma picha ya nota na sekunde tatu za sauti: "do" peke yake, basi. Mnaambiwa mtafute wenyewe. Rekodi kamili ya sauti zote nne inakuja Ijumaa jioni, ili mkosoe mlichokipata. Wiki ya kwanza watu wanne walijitoa kwenye kundi, na mama mmoja wa sauti ya pili alituma ujumbe mrefu kwa paroko. Hiyo ilikuwa Februari. Sasa hivi kundi la besi wana kakikundi kao ka pembeni ka siri, Jumatano usiku wanatumiana vipande vya sauti na kubishana kama ule mstari wa mwisho ni "la" au "ti", na yule mama naye kaomba aingizwe.